Asante, mzee wa Quartzsite

Mzee wangu uliyeegesha jirani yetu jangwani Quartzsite, Arizona, jina lako sikulishika, ila wema wako ninao moyoni. Betri yetu ya sola ya kubebeka, ya wati-saa 2,000, tuliichomeka kwenye gari letu la kulala, na kila usiku iliisha kabla ya alfajiri. Mke wangu hutumia mashine ya kumsaidia kupumua usingizini, kwa hiyo hofu ilikuwa kubwa. Ulikuja na tochi mdomoni, ukafungua kisanduku cha swichi, ukazima ya konveta, kifaa cha gari kinachogeuza umeme ili kuchaji betri yake: kumbe betri yetu ilikuwa inachaji betri ya gari, umeme unazunguka na kupotea njiani. Friji nayo ukaihamishia kwenye gesi. Asubuhi kioo cha betri yetu kilionyesha imebaki asilimia 61. Tulitoka kukushukuru, tukakuta umeshaondoka. Mungu akuzidishie, baba.