Msiwalaumu waandishi peke yao, tafiti huanza kupotoshwa chuoni

Ndugu Mhariri,

Kila gazeti linapochapa habari ya utafiti yenye makosa, wanataaluma huwa wa kwanza kunyoosha kidole. Waandishi wa habari hawasomi, wanasema, wanakimbilia vichwa vinavyouza, wanapotosha. Nimeyasikia maneno hayo vikaoni mara nyingi na nikanyamaza. Leo sinyamazi, kwa sababu kazi yangu ni kuandika zile taarifa ambazo chuo kikuu huvitumia vyombo vya habari, na najua sehemu kubwa ya upotoshaji inatokea wapi. Inatokea kwetu.

Nianze na la kwangu. Miaka kadhaa iliyopita mtafiti mmoja wa chuo chetu alichapisha makala kuhusu kemikali iliyopunguza uharibifu wa seli za ubongo. Makala yenyewe haikuwa na tatizo. Ukurasa wa pili ulieleza wazi kwamba jaribio lilifanywa kwa panya 24, nusu wakadungwa kemikali hiyo, nusu wakadungwa maji ya chumvi. Nikaandika taarifa yangu, na kichwa cha habari kikasomeka kwamba kemikali hiyo imezuia usahaulifu kwa panya. Ikapanda kwa mkuu wa kitengo, ikarudi na wino mwekundu: kichwa kirefu mno. Nikakaa nikatafuta maneno yanayoweza kutoka bila sentensi kuvunjika. "Kwa panya" yalitoka bila shida yoyote, na sentensi ikabaki imesimama vizuri. Panya wenyewe nikawashusha hadi aya ya sita, ambako msomaji mwenye haraka hafiki.

Siku mbili baadaye simu ya ofisi ikalia. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, anamuuguza mama yake mzazi ambaye alishaanza kutomtambua mjukuu wake. Alikuwa amelinakili jina la kemikali ile kutoka gazetini, na akanisomea herufi moja baada ya nyingine, taratibu, nihakikishe hajakosea. Alitaka kujua mambo mawili: inapatikana wapi, na je, amwachishe mama yake vidonge alivyoandikiwa hospitalini ili visije vikagongana na hiyo mpya? Nikamsihi asimwachishe dawa yoyote. Kisha nikamweleza habari ya panya. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Sasa kaka yangu, mbona hamkuandika hivyo?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alinishukuru, akakata simu.

Mwandishi aliyeichapa habari ile hakukosea. Alichapa nilichomwandikia.

Wala si mimi peke yangu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff na wenzao walichapisha katika jarida la kitabibu la BMJ uchunguzi wa taarifa 462 zilizotolewa mwaka 2011 na vyuo vikuu 20 vinavyoongoza kwa utafiti nchini Uingereza. Walizilinganisha na makala asilia za kitaaluma, kisha na habari zilizotoka magazetini. Asilimia 40 ya taarifa hizo zilikuwa na ushauri uliotiwa chumvi kuliko ule wa mtafiti mwenyewe. Asilimia 33 ziligeuza uhusiano wa mambo mawili kuwa sababu na matokeo. Asilimia 36 zilichukua matokeo ya wanyama zikayasogeza kwa binadamu, kosa langu hasa. Na pale chuo kilipotia chumvi kwenye habari za wanyama, asilimia 86 ya habari za magazetini nazo zilikuwa na chumvi ile ile. Chuo kisipotia, kiwango kilikuwa asilimia 10.

Zirudie namba hizo mbili, Mhariri: 86 na 10. Mwandishi wa habari akipewa maelezo sahihi, kwa kawaida huandika sahihi.

Uchunguzi huo ulionyesha na jambo jingine ambalo nadhani kila ofisi kama yetu ingelibandika ukutani. Hakukuwa na ushahidi wa maana kwamba taarifa zilizotiwa chumvi zilichapwa zaidi kuliko zile zilizosema kweli. Tunadanganya bila hata faida ile tunayoitafuta.

Kuna aina ya pili ya upotoshaji, nayo ni mbaya zaidi kwa sababu kila neno ndani yake huwa kweli. Oktoba 1995 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilitoa onyo kuhusu aina mpya ya vidonge vya uzazi wa mpango: vinaongeza mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Habari ikavuma, wanawake wengi wakavitupa vidonge, wengine katikati ya pakiti. Na "mara mbili" ilikuwa kweli kabisa. Jambo ambalo halikusemwa kwa sauti ile ile ni mara mbili ya nini. Kwa vidonge vya zamani, mwanamke mmoja kati ya 7,000 alipata tatizo hilo. Kwa vipya, wawili kati ya 7,000. Inakadiriwa kwamba mwaka uliofuata utoaji mimba katika England na Wales uliongezeka kwa takriban 13,000. Na ujauzito wenyewe huleta hatari ya damu kuganda kubwa kuliko ile ya vidonge vilivyotupwa. Wanawake wale hawakukosa akili. Walipewa nusu ya hesabu wakaamua kwa nusu hiyo, kama ambavyo mimi au wewe tungeamua.

Ndiyo maana nikiletewa sentensi yenye "inaongeza kwa asilimia kadhaa" huirudisha kwa mtafiti na swali moja: kutoka ngapi hadi ngapi, kati ya watu wangapi? Utashangaa ni mara ngapi jibu huchukua siku tatu.

Halafu yapo maneno yetu ya kila siku. Tunapohimizana chuoni kutumia lugha rahisi, tunafikiri ugumu uko kwenye majina marefu ya kemikali. Kwa uzoefu wangu, neno geni halidanganyi mtu. Akilisikia anajua hajaelewa, anauliza. Neno linalodanganya ni lile analolijua. Niliwahi kukaa nyuma kwenye ukumbi wakati daktari mtafiti akiwaeleza wananchi kazi yake, akasema majibu ya vipimo yalikuwa chanya. Mzee wa safu ya pili akatabasamu na kutikisa kichwa kwa furaha, maana chanya ni jambo jema. Ilibidi jirani yake amnong'oneze kwamba chanya hapo maana yake ugonjwa umeonekana. Tabasamu likaondoka usoni mwake, na daktari hakuona lolote, alikuwa ameshahamia slaidi nyingine.

"Nadharia" ni vivyo hivyo. Mtaani, hiyo ni nadharia tu, yaani ni maneno, bado hayajaonekana kwa vitendo. Maabara ikisema nadharia ya vijidudu kama chanzo cha magonjwa inamaanisha maelezo yaliyojaribiwa kwa miaka mingi na kutoangushwa. Hata "matokeo muhimu kitakwimu" humfanya msikilizaji afikiri ni matokeo makubwa, kumbe takwimu inasema tu kwamba ni vigumu kuyaeleza kwa bahati peke yake. Yanaweza kuwa madogo kiasi cha kutobadili chochote maishani mwa mtu.

Lakini nisije nikaonekana nasema kazi yote ni kuchagua maneno. Kosa kubwa kuliko hayo ni kudhani kwamba mwananchi ana shimo kichwani na sisi tuna mchanga wa kulifukia. Kisa ninachokirudia kwa watafiti wapya ni cha wafugaji wa kondoo wa Cumbria, kaskazini mwa Uingereza. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka Aprili 1986, mvua iliangusha sesiamu yenye mionzi kwenye malisho yao. Juni serikali ikazuia kondoo wasihamishwe wala kuchinjwa, na wanasayansi wakawatuliza wafugaji: ni wiki tatu tu, mionzi itapungua. Hesabu yao ilitokana na udongo wa mfinyanzi, ambao huinasa sesiamu ikabaki chini. Milima ile ina udongo wa mboji wenye tindikali. Humo sesiamu hainaswi. Majani huinyonya, kondoo huila, inarudi ardhini, majani huinyonya tena. Wiki tatu ziligeuka miaka. Vizuizi vya mwisho viliondolewa mwaka 2012.

Katikati ya hayo wataalamu walimwaga bentoniti, udongo unaofyonza sesiamu, kwenye vipande vya malisho, wakafungia kondoo humo wapime. Wafugaji wakawaambia mapema kwamba kondoo wa milimani amezoea kutembea, ukimfungia atadhoofu, na vipimo vyako havitakuwa vya kondoo wa kawaida. Hawakusikilizwa. Baadaye majaribio yaliachwa kimya kimya, kwa sababu ile ile waliyoitaja wafugaji. Brian Wynne, msomi wa Chuo Kikuu cha Lancaster aliyekaa na wafugaji hao na kuandika habari zao, alionyesha kwamba imani yao kwa wanasayansi haikupotea kwa kuwa hawakuelewa mionzi. Ilipotea kwa kuwa waliona watu wakizungumza kwa uhakika mkubwa juu ya milima wasiyoijua.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu vyuo vingi bado vinaita "kuwasiliana na umma" kile ambacho ni kutangaza tu. Mtafiti anapanda jukwaani, anasema, anapigiwa makofi, dakika tano za maswali zinakatwa kwa kukosa muda. Mimi ningekata hotuba nikayaacha maswali.

Watafiti wenyewe nawatetea katika jambo moja. Wengi wanapenda kueleza kazi yao na wanaweza. Lakini wakati wa kupandishwa cheo zinahesabiwa makala za majarida, ambazo mwananchi hata akizitaka mara nyingi hukuta mlango wa kulipia. Saa ambazo mhadhiri ametumia kujibu maswali ya wazazi au redio haziandikwi popote. Mwenye akili timamu ataona chuo kinathamini nini.

Sasa ombi langu kwako. Nafahamu chumba chako cha habari kina watu wachache na taarifa kama zetu zinaingia kwa makumi. Huna haja ya kuajiri mwanasayansi ili kutukamata. Taarifa ya utafiti ikifika mezani, aya mbili za kwanza zitazamwe kama zinasema jaribio lilifanywa kwa nani, yaani watu, wanyama au seli kwenye kisahani cha maabara, walikuwa wangapi, na kama kuna ongezeko au punguzo, kutoka ngapi hadi ngapi. Atajwe pia aliyelipia utafiti. Kisha apigiwe simu mtaalamu mmoja wa fani hiyo ambaye si mmoja wa waandishi wa makala ya utafiti huo, hata kwa dakika kumi. Hilo la simu ndilo tunaloliogopa zaidi huku kwetu, na ndiyo sababu nalitaja.

Kwa upande wetu, tangu simu ile ya mama mwenye mgonjwa, sitoi taarifa mpaka mtafiti aisome yote na kutia saini, kichwa cha habari kikiwemo. Wanyama wakihusika, wanatajwa kwenye kichwa, hata kikiwa kirefu. Nimegombana na wakubwa wangu kwa hilo na nitaendelea kugombana. Na chini ya kila taarifa naweka namba ya simu ya mezani kwangu, kwa ajili ya wasomaji, si waandishi tu. Wanapiga. Juzi mwanafunzi alitaka kujua kwa nini kundi moja la panya lilidungwa maji ya chumvi ikiwa hayatibu kitu. Tulizungumza nusu saa.

Ikitokea taarifa kutoka dawatini kwangu ikakufikia bila mambo niliyoyataja, usiichape. Irudishe.

Wako,
Mwandishi wa taarifa za utafiti katika chuo kikuu