Usimpe mgeni jembe

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema chatu wako haonekani mchana kutwa, panya uliyemwekea hakumgusa, na unahisi hakupendi. Nianze na hilo la mwisho: ni kweli hakupendi, ila hakuchukii pia. Nyoka hapendi mtu, humzoea tu, na kuzoewa na kiumbe mwoga kiasi hicho si haba.

Tunaambiwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako usimpe jembe hata ya saba. Wiki za mwanzo usimshike kabisa. Mkono uingie kizimbani kubadilisha maji na kuondoa kinyesi, basi. Na marafiki wanaotaka kumwona wasubiri, hata wakinuna.

Kumbuka asili yake. Hawa chatu wa aina ya *Python regius* wanatoka ukanda wa Senegal hadi Uganda, na mchana wao huupitisha kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa. Giza likiingia ndipo hutoka. Wakiogopa hujiviringisha kama mpira, kichwa kikafichwa katikati. Kwa hiyo ukimkosa saa sita mchana, ujue yuko anapopaswa kuwa.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kizimba. Kwenye picha nimeona kijumba kimoja tu cha kujifichia, tena kikubwa. Weka viwili, kimoja upande wa joto na kingine upande wa baridi. Akiwa na kimoja inambidi achague kati ya usalama na joto linalomfaa, na mwoga huchagua usalama, akae kwenye baridi huku chakula kikimgomea tumboni. Viwe vidogo, vyenye mlango mmoja, akijikunja ubavu uguse ukuta. Lile kasri ulilonunua linakupendeza wewe. Yeye humo anajiona yuko uwanjani. Kioo nacho kifunike kwa karatasi nyeusi pande tatu, na ule uwazi wa katikati ujaze magome na majani ya bandia, aweze kupita bila kuonekana.

Joto usilikisie kwa kiganja. Upande wa joto uwe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, wa baridi 25 hadi 27, na upime pale pale anapolala. Mkeka wa joto usiwashwe bila themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, maana nyoka anaweza kulala juu ya kitu kinachomuunguza asiondoke. Unyevu wa hewa uwe kama asilimia 60. Ukiona macho yamefanya ukungu wa buluu, anajiandaa kujivua gamba: ongeza unyevu kidogo na umwache, kwa kuwa siku hizo haoni vizuri na hushtuka upesi.

Kuhusu kula, ulimwahi mno. Mwache wiki ipite, kisha jioni, taa zikiwa zimezimwa, mpe panya wa kugandishwa aliyeyeyuka vizuri na kupashwa moto, unene wake usizidi sehemu nene ya mwili wa nyoka. Tumia koleo ndefu. Midomoni mwake ana vishimo vya kuhisi joto, hivyo panya wa baridi hamvutii. Akikataa, mwondoe panya na usijaribu tena mpaka wiki nyingine. Panya hai usimwachie humo hata kidogo. Panya naye ana meno, na nyoka asiye na njaa huumizwa vibaya. Aina hii inajulikana kwa kususa, na mkubwa mwenye afya hukaa miezi bila kula. Wako bado mdogo, kwa hiyo mpime kwenye mizani akishatulia. Akikonda, akihema mdomo wazi au akitoa povu puani, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua nyoka.

Akishakula mara mbili tatu bila kusita, anza kumshika, dakika chache tu. Mnyanyue kwa kupitisha mkono ubavuni. Ukimshukia kutoka juu utakuwa mwewe kwake. Akila, mwache saa 48. Na mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, nyoka hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, hata akiwa mzima.

Una haraka gani lakini? Mwaka 2020, kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis huko Marekani, jike wa aina hiyo hiyo alitaga mayai akikadiriwa kupita miaka 60. Huenda huyo wako akanizika mimi.

Baba yako anakusalimu, ingawa amesema wazi kwamba likizo hii chumbani kwako haingii. Nitumie picha ya kipimajoto kesho jioni. Ya nyoka isubiri.

Mama yako