Kwako shoga, kabla hujaripoti kituoni

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi mno kusikia umeajiriwa, Afisa Maendeleo ya Jamii ngazi ya kata! Najua nyumbani wanakuuliza kwa nini hukusubiri nafasi ya benki. Waache. Kazi hii naipenda, na sijaona nyingine inayokuweka karibu hivi na riziki za watu.

Ukiripoti tu, watakufuata kuulizia mikopo ya asilimia 10. Utaratibu unaujua tangu chuoni: halmashauri inatenga sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Unakumbuka pia ilivyosimamishwa 2023 kwa ajili ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Kikundi kilichokutana kwa ajili ya fomu hutawanyika hela ikishaingia.

Kwa hiyo, kabla hujagusa andiko la mradi la mtu, nenda siku ya kikoba, wanapokutana kuweka akiba na kukopeshana. Kaa nao mkekani, kiti cha mgeni rasmi kikatae. Angalia sanduku: kufuli tatu, funguo kwa wanachama watatu, na mtunza fedha hana hata mmoja. Kila mtu anaitwa kwa namba, ananunua hisa, daftari lake linagongwa muhuri wote wakiona, hela zinahesabiwa kwa sauti kwenye beseni. Halafu subiri zamu ya mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida. Mwenzao aliyefiwa akipewa chake pale pale bila mtu kununa, hao wanaaminiana, wapitishe. Wakianza kunong'onezana, wape muda waweke akiba kwanza.

Diwani atakuharakisha, anataka hundi za kukabidhi mkutanoni. Mweleze kwa heshima, na mtendaji wa kata awepo. Marejesho yakikwama, ni wewe utakayetumwa kuyafuatilia.

Na ile asilimia 2 usiiache ilale, nakuomba sana. Wenye ulemavu wengi hawafiki mikutanoni, na tangazo la kwenye ubao wa ofisi ya kata haliwafikii. Pita na mwenyekiti wa kijiji nyumba kwa nyumba, hata kama hujapewa usafiri.

Ukijua kata uliyopangiwa, niandikie wanalima nini na soko lao liko wapi. Nina katiba ya kikundi ya mfano, nitakutumia kwa basi. Mama msalimie sana.

Wako akupendaye,
Shoga yako