YAH: KUFUNGA SHULE, NA FOMU ZA AFYA ZA WATOTO

Ndugu Wazazi na Walezi,

Darasa la Saba wote wamefaulu! Hata wale tuliowaita ofisini pamoja na wazazi wao mwezi wa tatu. Nawashukuru walimu waliobaki nao hadi jioni kwa ajili ya Hisabati, na akina mama mliowapikia uji. Shule inafungwa Ijumaa. Ripoti atachukua mzazi mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Muhula huu mtoto wa Darasa la Nne aligawiwa kipande cha kashata wakati wa mapumziko. Kengele haijalia, midomo imeshavimba, vipele mwili mzima, kifua kinapiga miluzi. Tulimkimbiza kituo cha afya, akachomwa sindano ya adrenalini pajani, akapona. Jioni nyumbani kwao wakatuambia, "Karanga huwa zinamsumbua." Kwenye fomu yake, sehemu ya mzio (aleji) ilikuwa na kistari tu.

Nimepitia fomu zote. Nyingi zina kistari hichohicho. Wazazi wangu, mzio mkali namna hiyo huwapata watu wachache, na wanaofariki ni wachache zaidi, lakini ukija unakwenda kwa dakika. Walio hatarini zaidi ni waliowahi kuupata na wenye pumu, hasa isiyotibiwa vizuri. Tena msijipe moyo kwamba mara ya kwanza aliwashwa tu. Mara ya pili koo linaweza kuziba. Na si karanga peke yake: kuna samaki, kamba, maziwa, mayai, dawa kama penisilini, na nyuki, nasi tuna mizinga nyuma ya shamba la shule. Vidonge vya muwasho havitoshi hapo. Mtoto alazwe, asitembezwe, apelekwe akachomwe adrenalini.

Lililonikasirisha kupita yote: wavulana watatu walipaka karanga dawati la mwenzao huyo "waone kama ni kweli". Wameadhibiwa. Wazazi wao nawataka ofisini siku ya kufungua, na asije mtu kuniambia ni utoto. Mtoto yule angeweza kufa.

Fomu mpya zirudi zimejazwa na kusainiwa. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta, imeandikwa jina.

Wanaodaiwa michango ya chakula walipe kabla ya kufungua.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu