YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA, NA SUALA LA KENGELE YETU

Ndugu Wazazi na Walezi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naanza na furaha. Binti aliyehitimu Kidato cha Nne hapa Novemba iliyopita, ambaye mama yake ni mama lishe pale Rangi Tatu, amepata Daraja la Kwanza na amepangiwa Kilakala, Morogoro, kusoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Mama huyo alifika ofisini akiwa bado na aproni yake, akaomba nimsomee jina la mwanawe mara mbili, nami nikalisoma mara tatu. Huyo ni zao la shule ambayo wengine waliibeza kuwa kayumba, mahali pa kumngojea mtoto akue.

Wengi wenu mnaikumbuka shule hii kabla haijawa shule. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulikwishaanza mwaka 2004, na Edward Lowassa alipokuwa Waziri Mkuu akihimiza kila kata iwe na sekondari yake, ninyi mlibeba mchanga na kokoto Jumamosi hadi Jumamosi, huku watoto wakisoma katika vyumba viwili tulivyoazimwa na shule ya msingi. Kengele hatukuwa nayo. Fundi mmoja wa gereji alileta ringi ya lori, tukaitundika kwenye mkorosho, na tangu hapo imegongwa kwa kipande cha nondo kila asubuhi ya masomo.

Ringi hiyo ndiyo iliyouzwa muhula huu. Vijana wanne wa Kidato cha Tatu waliishusha usiku, wakaisukuma kwa mkokoteni na kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa fedha iliyotosha chipsi mayai za watu wanne. Mwalimu wa nidhamu aliikuta siku ya tatu, imelala kati ya injini kuukuu na mabati yenye kutu. Aliitambua kwa pale nondo ilipopiga miaka yote, ambapo chuma kinang'aa kama sarafu.

Wizi uliniudhi, lakini kilichoniuma zaidi ni mzazi aliyeniambia mbele ya mwanawe, "Mwalimu, si ringi tu? Nitakuletea mbili." Sikumjibu kwa kuwa mtoto alikuwepo, namjibu sasa. Ringi mbili zinapatikana gereji yoyote, ndugu yangu, ila mwanao ameondoka ofisini kwangu akiamini kwamba kitu cha shule hakina mwenyewe, na wewe ndiye uliyemfundisha hivyo.

Tena tuambiane ukweli: usiku ule hapakuwa na mlinzi. Aliacha kazi baada ya kukaa miezi miwili bila posho, kwa sababu mchango wa ulinzi, mlioupitisha wenyewe mkutanoni kwa kunyoosha mikono, haukulipwa na walio wengi. Ada ilifutwa mwaka 2016, na hakuna mwanafunzi atakayerudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango. Agizo hilo la Serikali nalitii na nitaendelea kulitii. Lakini wapo miongoni mwenu waliolifanya mwavuli. Mzazi anayesema hana, nikamkuta jioni akilipia king'amuzi, asitarajie nimwonee huruma. Mchango wa makande nao uko hivyohivyo, na sufuria haijui nani amelipa.

Wanaochelewa kwa sababu makonda wanawakwepa wanafunzi waondoke nyumbani mapema zaidi. Nywele ziwe fupi. Tarehe ya kufungua shule ipo kwenye ripoti ya kila mwanafunzi.

Wazazi wa vijana wale wanne watafika Jumamosi inayotangulia kufungua shule, saa mbili asubuhi, pamoja na watoto wao, kuitundika kengele upya. Ngazi ipo, waya waje nao.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkuu wa Shule