Binamu, ile jezi namba 5 haikustahili kuwa dekio

Binamu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu kusema, unanikatiza na lile neno lako: msaliti. Juzi lilimwangukia Juan Soto, mcheza besiboli. Eti kijana ana njaa ya hela, kakataa dola milioni 440 za Washington mwaka 2022, akapitia San Diego na Yankees, mpaka Mets wa New York wakamwekea mezani milioni 765 za miaka 15. Lakini mimi na wewe tunajua kidonda chako hakiko New York. Kiko hapa hapa St. Louis, na ni cha tangu Desemba 2011.

Nilikuwepo, usisahau. Sebuleni kwako, asubuhi ya baridi, televisheni ikatangaza kuwa Albert Pujols, nyota wa timu yetu ya hapa, Cardinals, anakwenda timu ya Angels kwa miaka 10, dola milioni 240. Hukusema kitu. Uliingia chumbani, ukatoka na jezi yake, ile yenye doa la haradali, ukaikata kwa mkasi wa jikoni. Wiki hiyo hiyo shemeji akawa anadekia nayo. Kipande cha mgongoni, chenye namba 5, kilikaa kwenye ndoo mpaka wino wake ukabanduka.

Na mimi iliniuma. Tulikuja mji huu tukidhani besiboli ni rede ya watu wazima, na yule jamaa kutoka Santo Domingo ndiye aliyetufundisha kukaa kwenye kiti saa tatu bila kuuliza mechi inaisha lini. Misimu 11, mchezaji bora wa ligi mara 3, ubingwa wa 2006 na wa 2011.

Ila hebu tupige hesabu ambayo siku ile hatukuipiga. Mwaka 1999, klabu zilipokuwa zikichagua vijana wapya kwa zamu, alichukuliwa akiwa wa 402, baada ya mamia ya wengine. Mwaka 2001, msimu wake wa kwanza, alilipwa dola 200,000. Mwaka 2003 alipiga mipira 43 ikavuka ukuta, na mshahara wake ulikuwa 900,000. Najua, mimi na wewe hatujawahi kuzishika. Lakini kulikuwa na wachezaji hata nusu yake hawafiki, wanalipwa mara kumi ya hizo. Sababu ni kwamba mchezaji asipotimiza miaka 6 ya ligi kuu, klabu ndiyo inayommiliki. Hawezi kwenda kuuliza bei kwa jirani. Mwaka 2004, kabla hajaifikisha hiyo 6, akasaini miaka 7 kwa milioni 100. Kwa hiyo mwisho wa 2011 ndipo alipokuwa mchezaji huru kwa mara ya kwanza maishani. Mara hiyo moja ndiyo tuliyompa jina baya.

Na mji huu ndio uliopaswa kuwa wa mwisho kufanya hivyo. Curt Flood aliichezea Cardinals misimu 12, kisha Oktoba 1969 akaambiwa kwa simu kuwa klabu imembadilisha kwa wachezaji wa timu nyingine, aende Philadelphia. Akakataa. Akaandika barua kwa mkuu wa ligi akisema yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa, akaacha mshahara wa dola 100,000, akaenda mahakamani. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ikamkatalia, majaji 5 kwa 3, na maisha yake ya uwanjani yalikuwa yameshakwisha. Mlango wa mchezaji kuwa huru ulikuja kufunguliwa mwishoni mwa 1975, na waliopita ni wengine.

Klabu ikimwondoa mtu tunasema viongozi wamejipanga. Mtu akijiondoa mwenyewe, mkasi wa jikoni.

Utaniambia Cardinals walipatia kutofika dau lile. Walipatia, sibishi. Miguu ilimchoka mapema, na Angels walimwacha Mei 2021, mkataba haujaisha. Mbona hukuwaita wasaliti? Na wewe mwenyewe, binamu, ulipohama lile ghala kwa nyongeza ya dola mbili kwa saa, wenzako walikukatia keki. Nilikula vipande viwili.

Simlilii tajiri, usinielewe vibaya. Tukilipa maegesho kule uwanjani huwa nawalaani wote, wachezaji na wenye timu.

Juni 2019 Angels walikuja hapa, nikakuletea tiketi ukairudisha. Nikaenda peke yangu. Pujols alipotoka kwenda kupiga, uwanja mzima ulisimama, na Yadier Molina, mdakaji wetu, akasogea mbele makusudi ili mchezo usianze, watu waendelee kupiga makofi. Wakakumbatiana pale pale. Kesho yake jamaa akaupeleka mpira nje ya ukuta, dhidi yetu, na tukamshangilia mpaka akatoka tena kutupungia kofia. Mzee mmoja pembeni yangu alikuwa amevaa namba 5, imepauka lakini nzima.

Mwaka 2022 aliporudi kwetu kwa milioni 2.5, ulisema karudi kwa sababu hatakiwi kwingine. Sawa. Lakini shemeji kaniambia habari ya usiku wa Septemba 23, alipopiga mpira wake wa 699 na wa 700 wa kuvuka ukuta kule Los Angeles. Anasema aliamka kunywa maji akakukuta sebuleni gizani, umesimama, televisheni umeizima sauti.