Sensa Haili Upepo, Mgosi: Tazama Vali Kwanza

Jumanne asubuhi, chai hata sijaimimina, kijana mmoja wa Majani Mapana aliingia dukani helmeti mkononi. Nyuma yake mwenzie anasukuma piki, tairi la nyuma limekaa chapati. "Fundi, umeniuzia mdudu anayekula upepo. Kabla ya hizi sensa zako nilikuwa najaza mara moja kwa mwezi. Sasa kila nikiamka tairi liko chini. Nipe hela yangu." Aliyasema mbele ya wateja watatu na mama anayetuletea vitumbua. Ni mtu wa nne mwaka huu kuniita mwizi kwa jambo hilo hilo, kwa hiyo nimeona niliandike, niwe namwonyesha mtu simu badala ya kubishana.

Kwanza, sensa ninayoisema si ile ya watu na makazi. Ni kile kidude cha kupima upepo wa tairi na kukutumia habari kwenye kioo kidogo hapo kwenye usukani, au kwenye simu. Zipo za aina mbili. Moja inafungwa juu ya vali, pale panapokaa kifuniko. Nyingine inakaa ndani ya rimu, huioni mpaka tairi livuliwe. Tunazouza zaidi ni za juu, kwa kuwa ni rahisi na mtu anadhani anaweza kujifungia mwenyewe. Ugomvi wote unaanzia kwenye hilo "mwenyewe".

Vali yako ina kipini katikati. Ukikibonyeza, upepo unatoka, ukikiachia, kinaziba. Sensa ya juu, ili ipime, lazima ikibonyeze kipini hicho muda wote. Maana yake tangu unapoifunga, kinachozuia upepo si kipini tena bali kijiringi cha mpira kilichomo ndani ya sensa, chembamba kama ushanga wa mtoto. Kikikatika, kikikauka, au kikiingiwa na chembe ya mchanga, tairi linapungua polepole usiku kucha. Sasa yule kijana: alipata pancha njia ya Pongwe. Fundi pancha wa barabarani akakuta nati ya kufungia sensa, ile tunayoweka ili vijana wasiidokoe. Spana yake ndogo ilikuwa kwenye boksi, na boksi liko nyumbani kwenye kabati. Wakatumia plaizi kuifungua na plaizi kuirudishia. Nilipoifungua mbele yake, ringi ilikuwa imechanika kama ganda la embe. Ringi mpya ni shilingi elfu moja. Nikampa bure ili aninyamazie, na sitarudia.

Sensa ya juu hukazwa kwa vidole. Ukishakaza, paka povu la sabuni, tazama kama linatoa mapovu, ndipo ukaze nati kwa ile spana yake. Spana ikae chini ya siti, isikae kabatini.

Lakini hata ringi si jambo ninalolalamikiwa zaidi. Kubwa ni bei. Seti ya sensa mbili na kioo hapa kwetu ni 85,000. Kufunga ni 10,000, na kama vali zako ni za mpira nitakutaka ununue mbili za chuma, 8,000 kila moja. Hapo ndipo watu wanapogeuka. "Kwenye simu nimeziona elfu hamsini na zinaletwa mpaka Kange." Sawa, zipo, na nyingine ni nzima kabisa, siwezi kusema zote feki. Ila aliyekuletea Kange hakuitazama vali yako.

Hesabu hii wateja hawaipendi lakini ni ya kweli. Sensa ya juu ina uzito wa gramu 10 hivi. Kwenye rimu ya inchi 17, piki ikiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, mzunguko unaivuta kwa nguvu ya kama kilo moja. Ukifika 120, ni zaidi ya kilo mbili. Piki yenye rimu za kumwaga, zisizo na spoku, na tairi la tubelesi, lisilo na tyubu ndani, mara nyingi imekuja na vali ya mpira iliyokaa kiupande. Kilo moja inaninginia pale, inaipinda na kuiachia, kutoka hapa mpaka Segera. Mpira ule ni wa miaka minne, umepigwa jua la Tanga, una nyufa kwenye shina ambazo huzioni mpaka uukunje kwa kidole. Nina kopo la vali zilizokatika shinani. Moja ni ya bwana mmoja wa Sahare aliyekataa zile 16,000 za vali, akasema mafundi tunatafuta pa kukamulia. Ilimkatikia mbele ya Hale. Tairi la mbele. Hakuanguka, Mungu mkubwa, lakini gari la kumrudisha na piki yake lilikula zaidi ya 16,000 mara nyingi, na bado vali alikuja kuinunua kwangu.

Kwa hiyo mtu akija na sensa alizonunua kwingine, namfungia, sina kinyongo. Ila vali ya mpira siifungii sensa ya juu, hata unipe mara mbili.

Na wenzetu wa bodaboda: wengi wenu siwauzii kabisa. Wapo wanaodhani nawadharau. Piki zenu nyingi ni za spoku na tyubu. Sensa ya ndani haifai hapo, imetengenezwa kwa tubelesi. Ya juu inafungika, lakini kila ukitaka kujaza upepo lazima uivue, na wewe unajaza mara mbili tatu kwa wiki, tena kwa haraka, abiria kasimama. Baada ya mwezi ringi imekwisha. Halafu tyubu ina tabia yake. Upepo ukipungua na mzigo ukizidi, tairi linateleza juu ya rimu kidogo kidogo, linaburuta tyubu, na vali inalala. Ukiona vali imeinama badala ya kutazama katikati ya gurudumu, usiinyooshe kwa kuivuta. Toa upepo, rudisha tairi mahali pake, jaza upya. Kijana mmoja alikuwa anabeba machungwa ya Muheza, magunia mawili nyuma na moja mbele juu ya tangi. Alilazimisha sensa. Vali ikalala, sensa ikawa inagusa spoku, tiki tiki tiki, yeye akadhani ni cheni. Tyubu ikachanika shinani, na tyubu iliyochanika shinani haizibiki.

Kwa mtu wa hesabu ya kila siku, nunua geji ya mkono. Nauza 15,000. Kabla hujatoka alfajiri, pima. Mwenye piki asipokununulia, jinunulie, na usimwazime mtu.

Wanaofaa sensa ni wenye tubelesi wanaotoka nje ya mji: Horohoro, Pangani, Korogwe, wanaopandisha Lushoto. Sisi wa Tanga tumelelewa na baiskeli, tumezoea kubinya tairi kwa kidole gumba na kusema "lipo". Tubelesi ina mbavu ngumu. Likiwa na psi 20 badala ya 36 (psi ndicho kipimo cha upepo tunachotumia), gumba litakuambia lipo, na macho nayo yatakuambia lipo. Linajionyesha kwenye kona, piki ikiwa nzito kuinuka, na hapo umeshachelewa.

Baada ya kufunga sensa, malalamiko yanahamia kwenye namba. Mzee mmoja alirudi akisema kioo kinamwonyesha 2.5 na yeye alijaza 36, kwa hiyo tairi limebakiwa na upepo wa mbili na nusu! Ni kitu kimoja, mzee wangu. Kioo kilikuwa kwenye bar, kipimo kingine cha upepo. Bar moja ni psi 14.5. Tumekigeuza, akacheka, tukanywa kahawa.

Mwingine si wa kucheka. Sensa ilimlilia saa nane mchana kuwa upepo umezidi, inasoma 41. Akasimama, akautoa mpaka 36, akaendelea na safari akiwa na amani. Kesho yake asubuhi ikamlilia kuwa umepungua: 31. Akaja kuniambia kifaa ni cha kichaa. Kifaa ni kizima. Kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha piki ni cha tairi baridi, lililolala. Tairi lililojazwa 36 asubuhi yenye joto la 30, likitembea juani mpaka hewa ya ndani ifike 60, litasoma 41 bila mtu kuongeza kitu. Waliotengeneza tairi wanalijua hilo. Ukiutoa upepo mchana, unajipunguzia wa asubuhi. Kioo kikilia upepo umezidi, tazama na joto lake. Joto likiwa juu na upepo juu, endelea na safari. Joto likipanda huku upepo unashuka, simama.

Na kengele lazima ipangwe. Nyingi zinakuja zimepangwa kigari. Marekani wamelazimisha sensa kwenye magari madogo mapya tangu Septemba 2007, na sheria yao inataka taa iwake upepo ukipungua kwa asilimia 25. Pikipiki haimo kwenye sheria hiyo. Asilimia 25 ya 36 inakushusha mpaka 27, na kwa magurudumu mawili 27 ni habari mbaya. Mimi naweka kengele ilie kwenye 32. Kupanga hivyo ni dakika tano, na zimo kwenye zile 10,000 mnazozilalamikia.

Sensa za ndani nitazisema kifupi, wenye nazo ni wachache. Wapita njia wa mpakani Horohoro huja na BMW kubwa zilizotoka nazo kiwandani. Mmoja alinigombeza kuwa geji yangu ni mbovu: inasoma 2.9, kioo chake kinasema 2.8. BMW inageuza hesabu ionyeshe kana kwamba tairi lina joto la nyuzi 20, na Tanga nyuzi 20 tunazisikia redioni. Halafu sensa hizo hazisemi kitu mpaka piki ivuke 30 kwa saa, kwa hiyo usikae umeitazama imesimama. La kuogopa ni mtaimbo. Sensa imekaa kwenye vali, kwa ndani. Anayevua tairi akiingiza chuma karibu na vali, ataivunja, na hiyo haipatikani Ngamiani wala Kariakoo. Mwambie kabla hajashika kitu. Na ile dawa ya kumimina ya kuzuia pancha usiitie, itaziba tundu la sensa.

Mwisho, chumvi. Upepo wa bahari unaunganisha sensa ya alumini na vali ya shaba mpaka ziwe kitu kimoja, hasa kwa wanaolaza piki Raskazone. Ifungue kila mwezi, futa nyuzi, paka grisi kidogo sana, ukague ringi. Betri ni kile kidonge cha volti 3, soma namba yake kabla ya kununua. Kioo kikianza kukupotezea gurudumu moja, badili betri kabla hujaja kunitukana.

Tunafungua saa mbili. Anayetaka kufungiwa aje asubuhi, piki iwe imelala, maana ikija mchana nitaiweka kivulini saa nzima kabla ya kupima. Yule kijana wa Majani Mapana amerudi jana. Tairi limesimama. Amekuja kuulizia spana nyingine, ile ya kwanza haioni kabatini. Ni 2,000.